Kimepimwa Kiingereza, Mtoto Kaitwa Kilaza

Ripoti za muhula zimeletwa nyumbani tena, na kama kawaida zimeandikwa kwa Kiingereza. Sisi wazazi wa shule hii ya kata, huku mkoani Shinyanga, wengi wetu tuliishia darasa la saba, na wapo ambao hata la saba hawakulifikia. Kwa hiyo karatasi ya mtoto tunampa mtoto mwenyewe atusomee. Yeye ndiye mshitakiwa, yeye ndiye mkalimani. "Hapa mwalimu amesema ninajitahidi," anakwambia, huku wewe unaona wino mwekundu umetapakaa ukurasa mzima na nafasi aliyoshika ni ya 112 kati ya 118. Tarakimu tunazisoma, ahsante.

Basi Jumamosi tukaitwa kikao. Mkuu wa shule, mtu mstaarabu kabisa, akatueleza kwamba Kidato cha Pili cha mwaka huu ni kizito. Si mtoto mmoja wala wawili, kidato kizima. Tukatazamana. Watoto hawa hawa juzi tu walifaulu mtihani wa Darasa la Saba, tukachinja kuku, tukakopa hela za sare na madaftari. Huo uzito wameuokotea wapi? Njiani, kati ya shule ya msingi na sekondari?

Jibu kila mtu analijua, ila kwenye vikao halisemwi kwa sauti. Mtoto wetu anazaliwa kwenye Kisukuma. Darasa la kwanza anakutana na Kiswahili, anahangaika nacho, kinamkaa. Anasoma sayansi kwa Kiswahili, hesabu kwa Kiswahili, maarifa ya jamii kwa Kiswahili, na Kiingereza anakisoma kama somo, tena kwa mwalimu ambaye naye kinampiga chenga. Kisha Januari moja anavaa suruali ndefu, anaingia Kidato cha Kwanza, na karibu kila kitu kimegeuka Kiingereza. Wenye uwezo wanampeleka mtoto tuisheni ya prifomu wani ile miezi ya kusubiri matokeo. Sisi wengine miezi ile mtoto yuko shambani au yuko na ng'ombe.

Na tuseme habari za hao ng'ombe. Kuna kijana wa mzee mmoja hapa kwetu, yumo katika hao wazito. Mwaka jana ndama walianza kufa. Yeye ndiye aliyemwambia bwana mifugo kwamba tezi za chini ya sikio zimevimba, ndama wanahema kwa shida, na kwamba wameanza kuumwa tangu josho liharibike na kupe kuongezeka. Bwana mifugo akasema ni ndigana kali, na kijana akaeleza mwenyewe jinsi kupe anavyoutoa ugonjwa kwa ng'ombe huyu na kuupeleka kwa yule. Muhula ule ule, mtihani wa bayolojia ukamtaka ataje vimelea wawili wa nje ya mwili na madhara yao kwa mifugo. Kwa Kiingereza. Akaacha nafasi wazi. Mwalimu akaandika sifuri, na kwa sheria za mtihani mwalimu hakukosea. Lakini sifuri ile inasema kijana hajui kupe!

Walimu hatuwalaumu sana. Tunajua wanavyofanya, maana watoto wanatusimulia. Mada ikiwa ngumu mwalimu anashusha Kiswahili, na huku kwetu akibanwa zaidi anachomekea na Kisukuma, darasa linachangamka, mikono inapanda. Wathibiti ubora wakionekana getini, Kiingereza kinarudi na darasa linanyamaza kama limemwagiwa maji. Mtoto anaelewa kwa lugha moja na anapimwa kwa nyingine. Kisha anachapwa kwa kuongea ile aliyoelewea, au anavishwa kibao shingoni azunguke nacho mpaka amkamate mwenzake.

Wala wakubwa wasituambie kwamba hawakuwa na habari. Tume ya Rais ya Elimu, ile ya Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari waanze kufundisha kwa Kiswahili ifikapo 1985. Ilipofika 1985 hakikuanza kitu. Mwaka 1984 wakaja wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakakuta kwamba hata Kidato cha Nne ni kama mmoja tu kati ya kumi aliyefikia kiwango cha kuweza kuanza kusomea masomo kwa lugha hiyo. Kuanza, jamani, na hao walikuwa wanamaliza. Cha ajabu, pamoja na hayo walishauri Kiingereza kiendelee. Halafu kuanzia 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Martha Qorro, pamoja na wenzao wa Norway na Afrika Kusini, wakajaribu kuwafundisha wanafunzi wa sekondari mada zile zile, kundi hili kwa Kiswahili, lile kwa Kiingereza. Waliofundishwa kwa Kiswahili wakaelewa zaidi. Nani angeshangaa? Muuza dagaa wa pale stendi angewaambia bure.

Mwaka 2012 watahiniwa wa Kidato cha Nne walipopata daraja sifuri karibu sita katika kila kumi, nchi nzima ilipiga kelele. Ikaundwa tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, na tuliojua kulaumu tulilaumu: walimu, wazazi, simu za mkononi, bongofleva. Lugha ya mtihani ilitajwa, ikaachwa pale pale ilipokuwa. Na huku kila mwaka matokeo yakitoka, Kiswahili kiko juu kwenye orodha ya masomo waliyofaulu wengi. Yaani watoto wale wale, chumba kile kile, msimamizi yule yule, wakiulizwa kwa lugha waliyo nayo wana akili, wakigeuziwa karatasi akili zimeyeyuka.

Mzee mmoja pale kikaoni alisimama, akamwamkia kila aliyestahili kuamkiwa, kisha akasema jambo ambalo hatujalipatia jibu. Tangu 2021, akasema, sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mwizi wa kuku anahukumiwa kwa lugha anayoielewa, tena akitaka anakata rufaa kwa lugha hiyo hiyo. Mjukuu wangu hajaiba kuku wa mtu. Kwa nini yeye ahukumiwe kwa lugha asiyoielewa, na asiwe na pa kukata rufaa?

Hayo ni ya sekondari. Ya shule ya msingi yanauma zaidi, kwa sababu huko mtoto anapewa jina ambalo halitoki.

Shule ya jirani ina kitengo, darasa la watoto wenye ulemavu wa akili. Tunakiheshimu, na walimu wake wana subira ambayo wengi wetu hatuna hata kwa watoto wetu wa kuzaa. Tunacholalamikia ni mlango wa kuingilia. Kuna binti mdogo aliyelelewa na bibi yake huko Meatu, akaletwa mjini kuanza darasa la kwanza. Kwa bibi ni Kisukuma tangu jogoo la kwanza mpaka kulala. Darasani akawa kimya. Akiitwa anaitika, akiulizwa anainama, maana alikolelewa mtoto kumkodolea macho mtu mzima ni utovu wa adabu. Baada ya muda ikaandikwa kwamba mtoto huyu apimwe. Akapimwa kwa Kiswahili, cha haraka haraka, na kwa kadi za picha: friji, gari la zimamoto, tunda la epo. Vitu hivyo kwa bibi havipo hata kimoja. Mtoto akanyamaza mpaka mwisho, na kimya chake kikahesabiwa kama majibu.

Aliyemwokoa ni mama anayepika uji pale shuleni. Alimkuta amekaa karibu na jiko, akamsemesha kwa Kisukuma, akamuuliza kwa bibi wana mbuzi wangapi. Binti akawahesabu mmoja mmoja, akataja rangi zao, nani alizaa mapacha, na yupi aliuzwa mjomba alipolazwa. Mama mpishi hana cheti cha saikolojia. Alikuwa na lugha, na alikuwa na dakika chache za kukaa na mtoto. Leo binti yuko darasa la nne na anasoma.

Ila tusijidanganye kwamba kila mtoto aliyenyamaza ni lugha tu. Mwingine, wa nyumba ya tatu kutoka hapo, naye alikuwa haitikii, na safari hii wote tulisema ni Kisukuma, atazoea. Alikaa hivyo miaka, sikio linatoa usaha, na kumbe alikuwa hasikii vizuri. Huyu alihitaji msaada wa kitaalamu akaukosa, yule hakuuhitaji nusura apachikwe. Wote wawili wangejulikana mapema kama mtu angewasemesha kwanza kwa lugha ya kwao, akaona anajibu nini, kabla hajafungua fomu. Hilo ndilo tunalolilia, na si kwamba tunaukataa upimaji.

Na hivyo vipimo vya akili vyenyewe vilianzia wapi? Vingi vilitungwa Ulaya na Marekani, kwa watoto wa huko, na alama za kawaida ni za watoto wa huko. Mwanasaikolojia Robert Serpell alichapisha mwaka 1979 utafiti alioufanya kwa watoto wa Zambia na wa Manchester, Uingereza. Aliwapa mifano waifuatishe. Kwa penseli na karatasi, wa Manchester walishinda. Kwa udongo wa kufinyanga, walikuwa sawa. Kwa waya, wa Zambia wakawaacha mbali, maana wao kama wa kwetu wanajitengenezea magari ya waya yenye usukani na magurudumu yanayokata kona. Angeleta penseli peke yake, pangeandikwa kitabu kwamba watoto wa Zambia ni wazito.

Kwa wenzetu walioendelea jambo hili lilishafika mahakamani. Huko California, mwaka 1970, wazazi wa watoto wenye asili ya Meksiko walishitaki baada ya watoto wao kupimwa akili kwa Kiingereza na kuwekwa madarasa ya wenye upungufu wa akili. Watoto tisa wakapimwa upya kwa lugha yao, Kihispania, na karibu wote wakaonekana hawakustahili kuwekwa kule. Shauri likaisha kwa makubaliano, na kufika 1975 sheria ya Marekani yote ikataka mtoto apimwe kwa lugha ya kwao pale inapowezekana. Wao wenye Kiingereza chao walikubali kwamba Kiingereza kinaweza kumdanganya mpimaji. Sisi tulioazima ndio tunakiamini kuliko wenyewe.

Pale kikaoni hatukuwa kitu kimoja, na haifai kuficha. Mama mmoja mwenye duka la vipodozi aliwaka: ninyi mnataka watoto wabaki na Kiswahili, wenzenu kwenye Inglishi midiamu wachukue kazi zote za maana? Akapigiwa makofi, na waliompigia ni wengi. Kiingereza tunakitaka, nani asiyekitaka? Kifundishwe, tena kifundishwe vizuri, na kipimwe kwenye karatasi ya Kiingereza. Kwenye karatasi ya bayolojia tunaomba mpime bayolojia.

Wala msituambie haiwezekani au ni gharama. Mtihani wa Darasa la Saba, Baraza la Mitihani linautoa kwa Kiswahili, na shule za mchepuo wa Kiingereza zinaletewa wa kwao kwa Kiingereza. Kazi hiyo wanaifanya kila mwaka, nchi nzima, na haijawahi kuleta kiama. Mtaala mpya nao umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linafundishwa kwa Kiswahili mpaka sekondari. Kumbe historia inaelezeka kwa Kiswahili kidatoni, ila kupe haelezeki! Sasa kinachoshindikana kuweka swali kwa lugha mbili kwenye ukurasa mmoja, mtoto achague ya kujibia, ni kitu gani? Wino?

Kikao kilikwisha saa nane mchana, jua kali, na soda hazikutosha. Tuliwateua watu watatu waende kwa afisa elimu kata. Tunaomba kidogo tu: mtihani wa majaribio wa Kidato cha Pili, somo la bayolojia peke yake, uwe na maswali ya lugha mbili, kisha alama ziwekwe kando ya zile za muhula uliopita tuone kama huo uzito bado upo. Mkuu wa shule amesema wazo si baya, ila hawezi kulifanya bila kibali. Tumemwambia kibali tutakisubiri. Hela ya fotokopi tumeshaanza kuchanga, na mama wa vipodozi ndiye mweka hazina.