Waya wa Ami Usiteremshwe

Leo naanza kwa kuungama. Mwezi uliopita karatasi ilizungushwa mtaani kwetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, ikiwataka wakazi watie sahihi ili mzee mmoja jirani yetu alazimishwe kuteremsha waya alioutandaza juu ya paa la nyumba yake. Waya wenyewe una urefu wa kama mita 20, ncha moja imefungwa kwenye mlingoti wa mwanzi, ya pili imefungwa kwenye ukingo wa nyumba ya dadake, nyumba ya tatu kutoka kwake. Karatasi ilitoa sababu mbili, kwamba waya wavuruga televisheni na kwamba waharibu sura ya mtaa wenye kuhifadhiwa. Sababu ya tatu haikuandikwa bali ilinong'onwa, na hiyo ndiyo iliyowatoa watu kalamu mifukoni: ati hapana ajuaye mzee yule husema nini usiku, wala husema na nani.

Nami nilitia sahihi. Sikuuliza neno. Mtu aliyefundishwa chuoni tangu utotoni kwamba akijiwa na habari aichunguze kwanza asije akawadhuru watu kwa kutojua, mtu huyo alisimama mlangoni kwake, akatia sahihi, akarudi ndani kumalizia chai yake.

Siku chache baadaye tulipotoka msikitini baada ya Alasiri, mzee alinishika mkono. Mtaani sote twamwita Ami, nami nitamwita hivyo hapa. "Bwana mshairi," akanambia, "nimeliona jina lako, na hati yako ni nzuri. Sasa njoo usikie ulichokishitaki."

Ami alikuwa afisa wa redio katika meli za biashara. Kazi hiyo haipo tena. Tangu Februari 1999 meli zilipohamia mitambo mipya ya dharura, mtu wa kukaa na kifaa cha kugongea alama za Morse hakuhitajika, na mabaharia wa aina yake wakarudi makwao na elimu yao masikioni. Yeye aliporudi alichukua leseni ya redio za ridhaa. Nasema ridhaa kama tusemavyo ngumi za ridhaa, kwa kuwa afanyaye halipwi. Sheria za kimataifa zazitenga redio hizi na biashara. Ni za mtu kujifunza, kufanya majaribio na kuzungumza na wenziwe.

Chumba ni kile cha juu, chenye dirisha linaloangalia bahari. Mtambo una ukubwa wa kasha la viatu, nao watumia betri ya gari. Nguvu yake ni wati 100, sawa na globu moja ya zamani ile iliyokuwa ikituchomea kumbikumbi. Vijana watano walikuwa wamekaa kitako mkekani, wawili kati yao wasichana, kila mmoja na daftari. Hawajapata leseni, kwa hivyo hawaruhusiwi kusema, na Ami hawaachi hata kukigusa kipaza sauti. Wao husikiliza na kuandika. Wanajiita chama, ingawa hawana mhuri wala mweka hazina. Waliomba chumba katika skuli moja ambayo sitaitaja wakanyimwa, basi wakabaki na mkeka wa Ami.

Tuliswali Magharibi pale pale. Baadaye Ami akasema, "Sasa bahari inajaa." Sikumwelewa mpaka msichana mmoja, wa kidato cha nne, aliponisomesha kama nilivyokuwa nikisomeshwa alifu kwa kijiti. Mawimbi ya masafa mafupi, alisema, hupanda juu, na huko kilomita nyingi angani kuna matabaka ambayo jua limeyatia umeme, nayo huyarudisha mawimbi chini mbali sana na yalikotoka. Mchana tabaka la chini huyameza mawimbi ya mita 40. Jua likitua, tabaka hilo hufifia na njia hufunguka. Ndiyo maana Ami huzungumza usiku. Tulidhani asubiri giza kujificha, kumbe asubiri jua litue.

Akalitaja jina lake la mwito, lile linaloanza na 5Z4 la Kenya. Kila nchi ina herufi zake. Enzi za ukoloni Kenya ilikuwa VQ4, Unguja VQ1 na Tanganyika VQ3. Leo Tanzania ni 5H, Uganda 5X, na Oman huanza na A4. Aliita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ilisikika kelele kama ya mchele ukipepetwa, kisha ikatoka sauti ya mtu ndani ya zile kelele, akijibu kutoka Muscat, zaidi ya kilomita 3,500 kutoka mkeka niliokuwa nimekalia.

Walianza kwa Kiingereza, kila mmoja akimpa mwenziwe hesabu ya jinsi anavyosikika, tano kwa uwazi na tisa kwa nguvu ikiwa mambo ni mazuri. Kisha mwenye kujibu akauliza, "Mombasa pande gani, bwana?" Kiswahili cha Unguja kitupu, na kile cha watu wazima. Akasema kuwa mamake alizaliwa Malindi ya Unguja. Akauliza kama mvua zimenyesha. Ami akamjibu, akamweleza habari za waya na betri, wakaagana. Dakika saba nzima, nami sikuwa nimepumua vizuri.

Basi hayo ndiyo niliyoyashitaki.

Sasa nije kwenye lile la kunong'onwa, maana sitaki kulipita kando. Mtu wa redio za ridhaa ni lazima alitaje jina lake la mwito, na jina hilo limeandikwa serikalini pamoja na mahali alipo. Mazungumzo baina ya nchi na nchi hayaruhusiwi kutiwa mafumbo ya kuficha maana. Yeyote mwenye redio inayofikia masafa hayo, awe Mombasa, awe Bombay, anaweza kuyasikiliza neno kwa neno. Mpelelezi gani huyo apandishaye waya wa mita 20 juu ya paa, kisha akapaza sauti jina lake dunia nzima isikie? Mwenye kutaka kusema kwa siri ana simu mfukoni, nasi hatumwendei na karatasi ya sahihi.

Kuna jambo jingine lililonigusa mimi niliyesomeshwa na masharifu. Kila mazungumzo Ami huyaandika daftarini: tarehe, saa, masafa, jina la mwito na jinsi alivyosikika. Kisha pande mbili hupelekeana kadi, na mtu hawezi kudai mbele ya wenziwe kwamba amezungumza na nchi fulani mpaka yule wa upande wa pili amthibitishie. Kuta za chumba kile zimejaa kadi, nyingine zimegeuka rangi ya manjano. Nilikumbuka isnadi, fulani kutoka kwa fulani, na maulamaa wetu walivyokataa maneno yasiyo na wasimulizi. Magazeti yetu yangekuwa na nusu ya sharti hilo tungeandika machache na kuaminika zaidi. (Ule mjadala wetu wa habari ya mwezi kwa redio naukwepa makusudi. Tukiuingia, hatutoki leo.)

Wala tusidhani hii ni kazi ya watu wasio na kazi. Mfalme Hussein wa Jordan, aliyefariki 1999, alikuwa akijulikana hewani kwa jina la JY1, na watu wa kawaida walimjibu bila ya itifaki. Sultan Qaboos wa Oman, aliyefariki Januari 2020, naye alikuwa na leseni, jina lake A41AA, na chama cha redio za ridhaa cha huko kiliundwa 1972. Kwetu Kenya kipo chama cha taifa, lakini makao yake ni Nairobi, nasi watu wa pwani tumeshazoea kuyasikia mambo yakiwa yamekwisha pita. Hapa naona kosa si la Nairobi. Bahari iko kwetu, jamaa wa ng'ambo ni wetu, na hapana aliyetuzuia kuwa na chama chetu.

Nitaje na Desemba 26, 2004. Karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu ardhi ilitetemeka Sumatra. Wakati huo kulikuwa na kikundi cha watu wa redio za ridhaa wa India huko Port Blair, visiwa vya Andaman, wakiongozwa na bibi aitwaye Bharathi Prasad. Walikuwa wamekwenda kwa shughuli zao za kuzungumza na dunia, baada ya miaka mingi ya redio hizo kupigwa marufuku visiwani humo. Gharika ilipokata simu, meza yao ikawa mlango wa habari: nani yu hai, nani atafutwa, nini chahitajika. Gharika hiyo hiyo ilivuka bahari yote, ikaua watu wapatao mia tatu Somalia, ikafika pwani yetu mchana na kumchukua mtu mmoja. Ilichukua saa nyingi kutufikia, na habari ilikuwa na wasaa wa kututangulia.

Hapo nilimweleza Ami kisa cha mpwa wangu, ambaye injini ya mashua ilimfia nje ya Ghuba ya Ungwana, simu ikawa haina mtandao, akapelekwa na maji usiku mbili kabla ya wavuvi wenziwe kumwona. Nilitaraji Ami adai kwamba waya wake ungemwokoa. Akatikisa kichwa. "Mpwa wako hakuhitaji redio yangu," alisema. "Alihitaji redio ndogo ya baharini, ile ya chaneli 16, na kituo cha uokoaji kiko papa hapa Mombasa tangu 2006. Lakini nani amfundishe kuitumia, kuiwekea betri, kujua sauti yake hufika wapi na huishia wapi? Hawa watoto wakimaliza kwangu, watakwenda kuwafundisha wavuvi." Jawabu hilo lilinikinaisha kuliko lau angejisifu.

Na vijana wenyewe wana hamu kubwa kuliko mzee wao. Novemba 2018 ilirushwa satelaiti ya Qatar iitwayo Es'hail-2, na ndani yake kuna mtambo wa watu wa redio za ridhaa, unaojulikana kama QO-100, wa kwanza wa aina hiyo kukaa mahali pamoja angani. Ulifunguliwa Februari 2019. Umening'inia zaidi ya kilomita 35,000 juu ya Ikweta, upande wa Kisangani huko Kongo, walikofika watu wa pwani na misafara yao karne ya 19. Kuusikiliza hakutaki mali. Dishi la televisheni la sentimita 80 hivi, kile kichwa chake cha kawaida, kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, na subira. Wameokota dishi bovu Kongowea wanalinyoosha. Nilimwona mvulana mmoja akilipima mpinde kwa uzi na pini, ulimi nje kama mwenye kutunga uzi kwenye sindano.

Kuhusu televisheni, mashitaka yana haki. Mtambo karibu na waya mbovu huweza kuingiza sauti mahali isipotakiwa. Ami mwenyewe alikwenda nyumba iliyolalamika na kichuma cha duara, akauzungushia waya wa televisheni mara kadhaa, na vurugu ikakoma. Lau tungemgongea mlango badala ya kuzungusha karatasi, ingekoma mapema zaidi. Na kuhusu sura ya mtaa, mwanzi mmoja na waya mwembamba usioonekana ila ukiutafuta haviwezi kuiharibu kuliko yale matangi ya plastiki tuliyoyapandisha sote juu ya mapaa, mimi mmojawapo.

Alkhamisi baada ya Isha wazee wa mtaa watakaa barazani kuizungumza karatasi ile. Nitakwenda kuomba jina langu lifutwe, na nawaomba wengine waliotia sahihi kama nilivyotia, wakiwa wamesimama mlangoni, waje nao. Ami atakuja na madaftari yake. Wale wasichana watakuja na redio ya kusikilizia, ili anayetaka kujua husemwa nini usiku asikie kwa masikio yake. Na mwenye televisheni inayovurugika bado naye aje, vichuma vya duara viko vya akiba.