TAHARIRI: TUMEWASEMA WA MJINI, SASA TUJISEME WENYEWE



Wiki hii ubao wetu hauzungumzii mbolea wala bei ya nyanya. Unazungumzia tumbo. Kila anayerudi Morogoro mjini na matenga matupu siku hizi ana habari ya alichokula, na kila mmoja ni bingwa wa mapishi. Tumewasikiliza kwenye bao, tumewasikiliza kisimani, na sisi wenyewe tumeonja. Basi leo tutasema.

Tuanze na Msamvu, stendi. Pale chakula kingi ni cha msafiri. Anakula leo, kesho yuko Iringa au Dodoma, hatarudi kulalamika. Ugali unaletwa mkubwa, lakini nyama yenyewe ni mfupa unaoogelea. Maharage ukiyatafuna yanakujibu kwa changarawe. Hatusemi wote, wapo wanaopika vizuri. Ila uliza bei kabla hujanawa, maana ukishanawa bei nayo inapanda.

Ukiingia Kihonda ndani, mambo mengine. Kule mteja ni jirani. Yupo mama mmoja chini ya mwarobaini, hana bati wala meza ya maana, ni turubai na mabenchi mawili tu. Wali wake ni mchele wa Kilombero kweli, unanukia toka barabarani. Maharage kayaunga kwa nazi, na mchicha wake haujapikwa ukawa tope. Ukimwambia mfukoni una ya nusu sahani, anakupa nusu sahani na uso hakukunjii. Mafundi waashi wa mtaa ule wote wako kwake. Jina la mama ntilie si lilitoka huko huko, "Mama, nitilie"? Wapo waliolitumia kwa dharau, ndiyo maana wengi siku hizi wanapenda kuitwa mama lishe. Sisi tunasema anayelisha watu hadharauliki.

Karibu yake yuko kijana wa chipsi mayai. Vijana wetu wanamsifu mno. Tamu ni tamu, hatukatai, lakini jamani yale mafuta! Meusi kama oili iliyomwagwa gereji. Na yule wa supu ya utumbo, wahi alfajiri. Ukichelewa mpaka saa tatu, unakunywa maji ya moto yenye pilipili.

Haya, tumewasema watu. Lakini nyani haoni kundule. Tuje kwetu.

Mgahawa wa ushirika pale njia panda tuliufungua kwa michango yetu, ili mkulima apate pa kula kwa bei anayoiweza, na mboga zetu zipate mnunuzi. Leo ukifika saa sita unaambiwa "bado". Ukifika saa nane unaambiwa "kimekwisha". Sijui wanaokula wanakula saa ngapi! Maji ya kunawa yamo kwenye beseni moja, kila mtu anachovya humo humo. Na ajabu kubwa, mchicha unanunuliwa sokoni mjini, wakati bustani zetu ziko hapo ng'ambo ya mto.

Baadhi ya wanachama wanasema ufungwe, chumba kikodishwe. Hoja hiyo inakuja mkutanoni Jumamosi. Sisi wa ubao hatuiafiki, na sababu tunayo.

Watu wanamlaumu mpishi. Sisi tumefungua daftari la madeni. Majina yaliyomo ni yetu sisi. Wajumbe wa kamati wamo. Hata mwandishi wa ubao huu alikuwamo, kwa chai na maandazi. Amelipa jana ndipo akapata uso wa kuandika haya. Sasa mpishi apike nini, ikiwa fedha ya mchele wa kesho imo matumboni mwetu tangu mwezi uliopita? Yule mama wa Kihonda naye anakopesha. Lakini anamkopesha anayemjua, na asiyelipa hatiliwi tena, hata awe nani. Sisi tunakopeshana kwa vyeo. Mjumbe akisema "andika", nani atamkatalia?

Kwa hiyo tukifunga mgahawa leo, tutakuwa tumemfukuza mpishi na kuwaacha wadaiwa. Na chumba kikikodishwa, mpangaji ataleta mboga zake, atapanga bei zake, na sisi tutakuwa wateja katika nyumba tuliyoijenga.

Tunapendekeza hivi:

1. Kila mwenye deni alipe au aseme mbele ya mkutano atalipa lini. Waanze wajumbe.

2. Hakuna kuandikiwa tena. Aliyepungukiwa auziwe nusu sahani, asionewe haya.

3. Mboga, nyanya na ndizi zinunuliwe kwa wanachama kwa zamu, fedha mkononi.

4. Inunuliwe ndoo yenye koki na sabuni iwekwe hapo, na maji ya kunywa yachemshwe. Tusisahau kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kikasambaa mikoani, na Morogoro yetu haikusalimika. Ugonjwa ule hupita kwenye maji machafu na mikono isiyonawiwa. Beseni moja linatosha kuumaliza mtaa.

5. Chakula kiwe tayari saa sita na nusu, na kipikwe cha kutosha. Mpishi akipewa fedha na vifaa kisha akashindwa, hapo ndipo tumwulize.

Tujaribu hivyo mpaka mavuno. Ikishindikana, ubao huu utakuwa wa kwanza kusema ufungwe.

Mkutano ni Jumamosi, saa nne asubuhi, ghalani. Wanaosema sana kwenye bao waje waseme huko. Na anayedaiwa asije mikono mitupu, dawa ya deni ni kulipa.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mhariri wa Ubao