Numero ku shingo ya bata

Siye batu ba mine tunajua kazi ya numero. Jetoni ikikosa ku ubao jioni, na hakuna mwenye kuangalia, nani atajua kama mwenzetu hajapanda?

Kule Svalbard, visiwa vya Norway karibu na ncha ya kaskazini, kuko bata bukini wa pori wanaoshuka kila mwaka mpaka Ubelgiji kukimbia baridi. Tangu 1990 wamoja wanavalishwa ukosi wa plastiki ku shingo, wenye alama za kusoma kwa darubini. Wengi wenye kuzisoma ni batu ba kawaida tu, kando ya mashamba, bila kulipwa hata franka. Wanaandika alama, siku na fasi. Maandiko hayo njo yalisaidia inchi zao kupatana, mu 2012, bata wabakie 60,000 hivi, juu wakulima walikuwa wanalalamika.

Wengine watasema: siye tunatafuta unga, ndege ni za nini? Hatukubali. Mbayuwayu wa Ulaya wanafika mpaka kwetu, na wamoja wako na pete ya chuma ku mguu. Mutoto akiokota moja, musimuache aitupe. Muandike numero, siku na fasi, mupeleke ku masomo. Mwalimu atasaidia kutuma.