Hobson-Jobson: kilio kilichogeuzwa kichekesho

Wataalamu wa lugha wanapenda kutuambia kwamba neno halina kosa: linatembea, linabadilika sauti, basi. Mimi sikubali yote. Nina neno moja la Kiingereza la kuwaonyesha, hata Waingereza wengi hawalijui tena: Hobson-Jobson.

Ukilisikia unafikiri ni majina ya wafanyabiashara wawili. Kumbe ni kilio. Kule India, mwezi wa Muharram, Waislamu wa Kishia wanatembea barabarani wakijipiga kifua na kuita: "Ya Hasan! Ya Husain!" Wanawalilia wajukuu wa Mtume. Husain aliuawa Karbala mwaka 680, pamoja na watu wa nyumba yake. Ndugu zetu Waislamu wa Kasongo na Kindu wanajua Ashura ni siku gani. Sasa askari Waingereza walisimama pembeni kutazama, wakasikia makelele tu. Katika vinywa vya wazungu ikawa "Hosseen Gosseen", halafu "Hossy Gossy", mwisho Hobson-Jobson. Na kwa Waingereza wa karne ya 19, Hobson na Jobson yalikuwa majina ya kuchekea washamba! Neno likabeba maana ya sherehe yoyote ya wenyeji, eti fujo ya kienyeji.

Haikuishia hapo. Mwaka 1886 ilitoka London diksionere kubwa ya maneno ya Waingereza wa India, kazi ya Henry Yule na Arthur Burnell (huyu alikuwa amekwisha kufa mwaka 1882). Ni kitabu cha elimu kweli, mtu asikidharau. Lakini walikipa jina gani? Hobson-Jobson. Yule mwenyewe alieleza kwamba hakutaka jina la kuchosha. Basi matanga ya watu yakatumika kuchangamsha jalada.

Mutaniambia: nasi tunakopa. Ndiyo. Chitthi ya Wahindi, yaani barua, kwetu imekuwa cheti, na Waingereza wakaifanya chit. Nani alilia juu ya hiyo? Karatasi ilibaki karatasi. Kupinda sauti si matusi. Matusi ni kuchukua neno bila kuuliza mwenyewe analia nini, halafu kulifanya mchezo.

Na sisi tusijione safi. Wareno walisikia nzadi, mto kwa Kikongo, wakaandika Zaire. Mwaka 1971, kwa jina la authenticité, tukalichukua lile kosa la sikio la mgeni, tukalivaa mpaka 1997. Hakuna aliyemcheka mtu hapo, ni kweli. Lakini juu ya nini hatukuuliza wenye mto?

Kwa hiyo vijana wanaoandika nyimbo za matanga vijijini, na kinasa sauti mkononi: kabla ya kuandika sauti, ngojea kilio kiishe, ukae chini, umuulize mama anayelia alikuwa anamwita nani. Jina hilo liandikwe kwanza, jinsi yeye analisema. Tafsiri ya Kifaransa itafuata.