Askari wa Getini Hataiokoa Nodi Yako

Nimepotea hapa kwa majuma matatu hivi. Walioniandikia barua pepe kuuliza kama ningali hai, asanteni. Nipo, ni kazi tu imenibana. Leo nimerudi na hasira kidogo, kwa hivyo nivumilieni.

Jumamosi iliyopita nilihudhuria mkutano wa waundaji programu hapa Nairobi. Kijana mmoja nadhifu alisimama kutufunza namna ya kulinda nodi za mitandao ya sarafu za kidijitali dhidi ya mashambulizi ya kunyima huduma. Alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba mitandao hii haiwezi kuangushwa kwa sababu imesambaa duniani kote. La pili, kwamba mwenye wasiwasi aihamishie nodi yake kwa kampuni kubwa ya seva, aweke kampuni nyingine ya ngao mbele yake, kisha alale usingizi. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. La kwanza ni nusu ya ukweli, na la pili nimewahi kulifanya mwenyewe nikajuta.

Tueleweshane kwanza. Nodi ni tarakilishi yoyote inayoendesha programu ya mtandao kama Bitcoin: inatunza daftari la miamala, inalikagua, na inawapitishia majirani zake habari mpya. Kuinyima huduma si kuiibia. Fikiria kibanda cha mama mboga. Wanakuja watu hamsini, kila mmoja anauliza bei ya sukuma, ya nyanya, ya dania, anataka apimiwe, kisha hanunui. Hakuna kilichoibwa. Lakini wewe uliyekuja na shilingi zako hufiki mbele, na mama anafunga jioni bila mauzo. Wakenya tulilionja jambo hili Julai 2023, pale eCitizen ilipofurikishwa na watu waliojiita Anonymous Sudan, na mwenye kutaka cheti au kibali akabaki akiitazama skrini.

Sasa, je, ni kweli kwamba mtandao uliosambaa hauangushwi?

Septemba 2016, waundaji wa Ethereum wakiwa wamekusanyika Shanghai kwa kongamano lao, nodi zao zilianza kujikokota. Kila amri kwenye Ethereum hulipiwa kwa kipimo kiitwacho gesi. Amri moja, EXTCODESIZE, ilitozwa gesi 20 tu, ilhali iliilazimu nodi kwenda kusoma kwenye diski, kazi ambayo ni ya polepole kuliko hesabu yoyote. Mshambulizi akaiita amri hiyo kama mara 50,000 katika kila bloku. Alikuwa analipa ada zake kama mteja mwema! Dawa ilikuja tarehe 18 Oktoba 2016 kwa kubadilisha kanuni za mtandao mzima: bei ya amri hiyo ikapandishwa kutoka 20 hadi 700.

Septemba 2018 ikawa zamu ya Bitcoin. Iligunduliwa kasoro iliyokuwa imeingia tangu toleo la 0.14 la Bitcoin Core. Waundaji walikuwa wameondoa ukaguzi mmoja wakidhani ni wa kurudiarudia, ili kuokoa muda kidogo. Kumbe bila ukaguzi huo, bloku yenye muamala unaotumia pesa ileile mara mbili ingeweza kuzizima nodi, na katika matoleo yaliyofuata ingeweza hata kuzaa sarafu za bure. Maelfu ya nodi katika nchi nyingi, na karibu zote zilikuwa na ugonjwa mmoja, kwa sababu zilinyonya ziwa moja. Ilizibwa katika toleo la 0.16.3, tarehe 18 Septemba 2018, kabla mtu hajaitumia kuuumiza mtandao huo.

Na tarehe 14 Septemba 2021 Solana ilisimama kwa takriban saa 17. Roboti zilizokuwa zikigombania mauzo ya sarafu mpya ziliumwagia mtandao miamala mpaka kumbukumbu za nodi zikajaa, na wathibitishaji wakalazimika kukubaliana kuuwasha mtandao upya.

Angalia visa hivi vitatu, ndugu msomaji, kisha uniambie: askari wa getini angezuia kipi? Hicho ndicho nilichotaka kumuuliza yule kijana, ila muda wa maswali ulikuwa umekwisha. Ngao ya mbele inahesabu wingi wa vifurushi vya data na kutazama vinatoka wapi. Haijui EXTCODESIZE ni nini. Isitoshe, uchafu huo hauji kwako ukiwa na alama ya adui. Unaletewa na majirani zako waaminifu, kwa sababu kazi yao ni kupitisha miamala na bloku. Ukiwazuia hao, umejinyima huduma mwenyewe.

Kiini cha ugonjwa ni hiki: swali ni rahisi kuuliza, jibu ni ghali kutoa. Palipo na pengo hilo, mtu atalitumia. Kwa hivyo kinga ya kweli ni kulipunguza pengo hilo ndani ya programu yenyewe, mpaka anayeuliza naye atoke jasho.

Wala si wazo geni. Mwaka 1992 Cynthia Dwork na Moni Naor walipendekeza kwamba anayetuma barua pepe aifanyishe tarakilishi yake hesabu kidogo kwanza, ili anayetuma barua taka milioni aumie. Mwaka 1997 Adam Back akaleta Hashcash kwa lengo hilohilo. Uthibitisho wa kazi, ambao leo watu wanaujua kama njia ya kuchimba Bitcoin, ulizaliwa ukiwa dawa ya usumbufu. Ndiyo maana ile bloku mbaya ya 2018 isingekuwa ya bure: mchimbaji aliyethubutu kuitengeneza angehatarisha tuzo yake ya sarafu 12.5.

Nodi ya Bitcoin ya leo imejaa maarifa ya namna hii. Tangu toleo la 24.0 la mwaka 2022, nodi mpya haijazi kumbukumbu yake kwa vichwa vya bloku ambavyo mtu amevitengeneza kwa bei rahisi. Inahakikisha kwanza kwamba mnyororo wote una kazi ya kutosha nyuma yake, ndipo iuhifadhi. Na nafasi za majirani wanaoingia, ambazo kwa kawaida ni kama 115 hivi, zikijaa, nodi haimfungii mlango mgeni mpya. Inamtoa mmoja wa waliomo. Lakini inawalinda waliokaa muda mrefu, wanaojibu upesi, waliokuletea bloku na miamala mipya karibuni, na wanaotoka pande tofauti za intaneti. Mshambulizi anayetaka kuzikalia nafasi zote anajikuta analazimika kuwa jirani mwema. Hiyo ndiyo kazi nzuri ya uhandisi, na haikuhitaji kampuni ya ngao.

Sasa tuje kwenye jambo la pili, lile linaloniuma.

Mimi ni mtunza mitambo wa chama chetu, watu kumi na wawili, wengi wao tuliosoma pamoja. Tunaendesha nodi ya Lightning, mtandao wa malipo madogo uliojengwa juu ya Bitcoin. Mwanzoni ilikuwa kwangu nyumbani, kwenye tarakilishi ndogo kando ya runinga. Usiku mmoja intaneti ya nyumba ikafa ganzi. Nikaruka: tumeshambuliwa! Nikaihamishia nodi kwenye seva ya kukodi ng'ambo, nikaweka na ngao, nikawaambia wenzangu walale.

Baadaye nilipozisoma kumbukumbu za ruta yangu niliona aibu. Hapakuwa na shambulizi. Zilikuwa nodi changa zinapakua historia yote ya Bitcoin kutoka kwangu, mamia ya gigabaiti, kama zinavyostahili kufanya. Mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, maxuploadtarget, ungetosha kuweka kikomo.

Lakini nilikuwa nimekwisha hama. Asubuhi moja, miezi kadhaa baadaye, seva ile haikufunguka. Akaunti imesimamishwa, sababu haikutajwa, subiri tukague. Siku nne!

Kwa asiyejua Lightning, siku nne ni nyingi. Pesa zako ziko kwenye mkataba kati yako na jirani. Akijaribu kuufunga mkataba kwa hesabu ya zamani inayomfaidi yeye, una muda maalumu wa kumpinga, mara nyingi kati ya siku moja na majuma mawili. Nodi yako ikiwa imezimwa muda wote huo, huna wa kukusemea. Wala sikuweza kuiwasha mahali pengine, kwa kuwa nakala niliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani, na ukiwasha nakala ya zamani, mtandao unaweza kukuona wewe ndiwe mdanganyifu na kukutoza kila kitu.

Mweka hazina wetu ni mama mzima, ndiye aliyetulea wengine wetu mtaani. Alinipigia siku ya pili jioni. "Mwanangu, pesa zetu ziko wapi?" Nikamwambia, "Mama, zipo, ila siwezi kuzifikia." Akanyamaza kidogo. "Sasa hiyo tofauti yake na kuibiwa ni nini?" Sikuwa na jibu. Yalikuwa makumi machache tu ya maelfu ya shilingi, lakini ni ya watu waliojinyima kila wiki. Akaunti ilifunguliwa siku ya nne kwa barua ya roboti isiyo na samahani. Hatukupoteza kitu, kwa bahati tu.

Aliyetunyima huduma hakuwa mshambulizi. Alikuwa askari niliyemwajiri mwenyewe.

Na si mimi pekee. Tarehe 11 Novemba 2020 huduma ya Infura ilipokwama, masoko kadhaa yalisitisha kutoa Ether, kwa sababu wengi walikuwa wameacha kuendesha nodi zao wakaegemea hiyo moja. Novemba 2022 kampuni ya Hetzner ya Ujerumani ilizifungia seva za wathibitishaji wengi wa Solana, kwa kuwa masharti yake hayakuruhusu kazi za sarafu hizi. Tarehe 18 Novemba 2025 Cloudflare ilianguka kwa kosa lake yenyewe, na tovuti za sarafu zikafungwa nayo, huku bloku za Bitcoin zikiendelea kutoka kama kawaida.

Najua mtakaloniambia. Mtu akinimwagia gigabiti kumi nyumbani, laini yangu itakufa hata programu iwe nzuri vipi. Ni kweli kabisa. Wala sisemi tovuti ya soko la sarafu isiwe na ngao. Hiyo ni duka lenye mlango mmoja, iwekeeni askari. Lakini nodi si duka. Nguvu yake ni kwamba wakiiangusha yangu, ya jirani ipo, kwenye laini nyingine, chini ya mwenyewe mwingine. Tukizirundika zote kwa kampuni tatu, tumempunguzia mshambulizi kazi. Kusambaa hakuji kwenyewe. Ni kazi, na sisi ndio wa kuifanya.

Haya basi, anayeuliza afanye nini, ninavyofanya mimi ni hivi:

1. Nasasisha programu upesi. Julai 2024 waundaji wa Bitcoin Core walitangaza hadharani kasoro kadhaa za zamani, nyingi zikiwa za kunyima huduma, ambazo zilikuwa zimezibwa kitambo. Waliobaki na matoleo makuukuu ndio waliobaki uchi.

2. Nimeweka kikomo cha data inayotoka, na nimepunguza idadi ya majirani iendane na laini yangu.

3. Poti 8333 ni ya majirani, iko wazi. Poti 8332, ya kuamrisha nodi, haitoki nje ya nyumba kamwe.

4. Naendesha Tor sambamba na intaneti ya kawaida. Wengi wetu hapa nyumbani tunagawana anwani moja ya IP na wateja wengine, kwa hivyo Tor ndiyo njia rahisi ya majirani kutufikia. Nayo Tor ilipoandamwa na mafuriko, dawa yake ya Agosti 2023, katika toleo la 0.4.8, ilikuwa nini? Uthibitisho wa kazi. Huduma ikizidiwa, anayeuliza atoke jasho kwanza.

5. Nodi ya chama imerudi kando ya runinga. Rafiki yangu wa Kisumu, mwenye laini ya kampuni nyingine, anatuwekea mnara wa ulinzi: tarakilishi inayoukodolea macho mkataba wetu sisi tukiwa tumezimika. Nami namwekea wake.

Mama mweka hazina alikuja kuiona ile tarakilishi. Akauliza kama ndiyo hiyo tu. Nikasema ndiyo. Akaifuta vumbi kwa leso yake, akaniambia nisiihamishe tena bila kuwauliza.

Yule kijana nadhifu, kama unasoma hapa, sina ugomvi nawe. Karibu uniandikie, ila uje na jibu: ngao yako ingeizuia vipi EXTCODESIZE?