Mtoto Anaposoma kwa Simu



Bila shaka unakumbuka Machi 17, 2020, shule zetu zilipofungwa kwa ajili ya korona. Kufikia Juni 29 shule zote zilikuwa zimefunguliwa tena. Katika miezi ile masomo yalitangazwa redioni na kwenye televisheni, na baadhi ya walimu wakafundisha kwa simu. Shule zimefunguliwa, lakini masomo ya simu yamebaki, nasi akina mama tuyajue vizuri.

Darasani mwalimu humwona mtoto anayesinzia, akamwita jina. Simu haimwoni. Tena katika boma zetu za Olbalbal, mtoto akiwa nyumbani ni mchungaji, mchota maji na mlezi wa mdogo wake. Anasikiliza kidogo, anaitwa; anarudi, uzi umekatika. Na yule aliyezoea Kimaasai nyumbani ana kazi mbili: kuielewa lugha ya somo, kisha somo lenyewe.

Wengi hudhani dawa ni kurudia kusikiliza tu. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Baadhi waliisoma tena, wengine waliandika walichokumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojikumbusha wenyewe ndio waliokumbuka zaidi.

Basi usiseme, "Mimi sikusoma, nitamsaidiaje?" Kwetu mgeni akifika bomani huulizwa habari, naye husimulia alikotoka na aliyoyaona, nasi tunamsikiliza na kumwitikia. Mfanyie mwanao vivyo hivyo:

1. Wakati wa somo usimtume popote. Ndama na maji vingoje nusu saa, awe wa kike au wa kiume.

2. Somo likiisha, simu izimwe. Mwambie, "Mwanangu, nipe habari za somo." Asimulie kwa Kimaasai kwanza, kisha kwa Kiswahili.

3. Akikwama, usimkemee. Mahali alipokwama ndipo pa kusikiliza tena, au pa kumwuliza mwalimu.

4. Baada ya siku mbili tatu, mnapokamua, muulize tena.

Mama mwenzangu, si lazima ujue hesabu wala Kiingereza. Mtoto anayejua kwamba jioni mama atamwuliza habari, mchana hutega sikio. Je, leo umemwuliza wako?