Vita vya prosesa vinamhusu mwenye saiba wa Feri

Aliyeandika kwamba ushindani wa Intel na AMD ni mambo ya wacheza gemu, na haumgusi mwenye saiba pale Feri, penye kivuko, amekosea. Mwenye saiba hununua kompyuta za mtumba, na mtumba ni kile kilichouzwa kipya ng'ambo miaka kadhaa nyuma. Kwa takribani miaka 10, prosesa za kawaida za Intel hazikuvuka viini vinne. Machi 2017 AMD ikaleta Ryzen 7 1700, viini vinane kwa dola 329. Kufikia Oktoba, Intel ikauza Core i5-8400 yenye viini sita kwa dola 182, bei ile ile ya i5-7400 ya Januari iliyokuwa na vinne. Ukarimu huo haukuja wenyewe, ulilazimishwa.

Kweli, kufungua eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kumchapishia mtu fomu kabla kivuko hakijaondoka kunategemea zaidi SSD na memori. Lakini Windows 10 iliachwa Oktoba 2025, na Windows 11 hukataa takriban prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, kile kile cha i5-8400. Kumwambia mwenye saiba asijali ni kumfanya atoe pesa bila kuuliza mashine ni ya kizazi gani.